Upepo Ulikuwapo Tangu Zamani

Hotuba kwa vijana wahitimu na wazazi wao, Des Moines, Iowa

Wazee wangu, mama zangu, viongozi wa dini mliotuombea, walimu mliokuja kuona matunda ya jasho lenu, na ninyi watoto wetu mliokaa safu ya mbele na majoho yenu: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Mwenyekiti wetu aliponipigia simu aliniambia, "Mdogo wangu, njoo uwaeleze vijana kuhusu kazi yako ya upepo." Nilikubali haraka, kisha nikakosa usingizi. Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa dakika tano: napanda mnara, nakaza nati, napaka grisi, nabadilisha oili ya giaboksi, nashuka. Kilichonikosesha usingizi ni swali aliloniuliza mama mmoja mwaka jana, humuhumu ukumbini, tukiwa tunapanga viti. Aliuliza, "Baba, huu upepo wa Iowa ulianza kuvuma lini mpaka watu walipwe kwa ajili yake?" Nilimjibu kwa mkato. Niliona usoni mwake kwamba jibu halikumtosha, na hakika halikustahili kumtosha. Leo nataka kumjibu kama inavyopasa.

Mama, upepo ulikuwapo tangu zamani. Ulikuwapo mwaka 1846 Iowa ilipoingia kuwa jimbo la Marekani. Ulikuwapo wakati wakulima wa hapa wanafilisika na kuhama, unavuma juu ya nyumba zao zilizofungwa. Kilichokuja baadaye ni sheria, shule na fedha. Havikuja siku moja, na kila kimoja kilimngoja mwenzake. Hilo ndilo ninalotaka watoto hawa walielewe kabla Jumatatu hawajaanza kujaza fomu za kazi kiwandani.

Wengi wetu tumelijua jimbo hili kupitia dirisha la gari, tukienda shifti na kurudi. Mahindi kushoto, soya kulia, kisha mahindi tena. Wakulima wa huku husema mahindi yafike magotini ifikapo tarehe 4 Julai, lakini siku hizi tarehe hiyo mengi yameshapita kiuno cha mtu mzima. Ekari moja ya Iowa kwa wastani hutoa busheli kama 200 za mahindi. Ukizipima kwa magunia yetu ya kilo 90, hayo ni magunia zaidi ya 50 kwa ekari. Baba yangu alilima maisha yake yote kule Fizi, Kongo, na nilipomwambia hesabu hii kwa simu alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Nguruwe wa jimbo hili ni zaidi ya milioni 20, na watu ni milioni 3 na kitu. Zaidi ya nusu ya mahindi yake huenda kwenye viwanda vya ethanoli na kuishia kwenye matangi ya magari. Hakuna jimbo la Marekani linalotengeneza ethanoli nyingi kuliko hili.

Mtu anayesikia hayo anaweza kudhani hapa hapajawahi kulia mtu kwa sababu ya shamba. Palilia watu wengi.

Miaka ya 1970 benki ziliwaambia wakulima wakope wapanue mashamba, kwa sababu dunia ilihitaji nafaka. Walikopa, na dhamana ilikuwa ardhi yenyewe. Januari 1980 serikali ya Marekani ikazuia nafaka kuuzwa Umoja wa Kisovieti, bei zikayumba, na riba ikapanda kupita asilimia 15. Mwaka 1981 ekari moja ya shamba Iowa ilikuwa na thamani ya wastani wa dola 2,147. Kufikia 1986 ilikuwa dola 787. Hebu mfikirie mtu aliyekopa ardhi ikiwa bei ya juu, leo anadaiwa fedha zilezile, na kitu alichoweka dhamana kimebaki na theluthi ya thamani yake. Minada ilifanyika kwenye ngazi za mahakama. Watu walisimika misalaba myeupe kwenye majani mbele ya majengo hayo, kila msalaba shamba moja lililopotea. Kati ya hesabu ya watu ya 1980 na ile ya 1990 jimbo lilipungua watu zaidi ya 137,000. Wenzangu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, idadi hiyo mnaijua. Ni kama kambi yetu nzima ifunge virago iondoke, kwa miaka kumi, na wengi wao ni vijana wa umri wa hawa waliokaa mbele yangu.

Nawaeleza haya kwa sababu watoto wetu wakati mwingine hudhani wenyeji wa hapa walizaliwa wamekaa juu ya utajiri. Wazee wa Kizungu mnaowaona dukani wamevaa kofia za kampuni za mbegu, wengi wao wanakumbuka mnada wa trekta la baba yao. Uchungu wa kupoteza mahali wanaujua. Ukikaa nao ukawaeleza ulikotoka, watakusikiliza kwa namna itakayokushangaza.

Sasa, sheria. Mwaka 1983, katikati ya msiba huo, bunge la Iowa lilipitisha na gavana Terry Branstad akatia saini sheria iliyozilazimisha kampuni kubwa mbili za umeme kununua megawati 105 za umeme wa vyanzo visivyokwisha. Hakuna jimbo lingine la Marekani lililokuwa limefanya hivyo kabla. Megawati 105 kwa kipimo cha leo ni kidogo sana. Mitambo hamsini ya aina ninayoihudumia mimi inazifikisha. Na hata hizo chache kampuni zilizipinga kwa miaka mingi, ikafika mwisho wa miaka ya 1990 ndipo mashamba makubwa ya upepo yakasimama, kama yale ya karibu na Storm Lake. Zaidi ya miaka kumi na tano tangu saini ile! Wapo waliosema sheria imekufa. Ilikuwa inangoja.

Wakati wakubwa wanabishana, shule moja ndogo haikungoja. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana kisa hiki nakipenda kuliko vyote.

Kaskazini magharibi mwa jimbo, karibu na mpaka wa Minnesota, kuna mji unaoitwa Spirit Lake. Mwaka 1993 shule za mji huo ziliweka mtambo wa upepo wa kilowati 250 kwenye uwanja wa shule ya msingi. Walipata ruzuku, walikopa, wakausimamisha. Watoto walikuwa wanacheza mpira chini yake, na umeme wake unawasha taa za madarasa yao. Miaka michache baadaye mkopo ulikwisha. Kuanzia hapo, fedha zilizokuwa zikienda kulipa bili ya umeme zilibaki shuleni. Mwaka 2001 wakaongeza mtambo wa pili, wa kilowati 750.

Nimekwenda kusimama pale. Nilikumbuka shule yangu ya Nyarugusu, madarasa ya miti na turubai, watoto tumebanana, na mama yangu ameondoka tangu alfajiri kutafuta kuni nje ya kambi huku tukiomba Mungu asikutane na watu wabaya njiani. Kuni za siku mbili zilimgharimu siku nzima. Sisi tuliokulia kule hatuhitaji kufundishwa kwamba nishati ni gharama. Tunajua inalipwa kwa mgongo wa mama. Nilipoona shule inavuna hewa inayopita juu ya paa lake na kununulia vitabu, nilikaa kwenye benchi la uwanja ule muda mrefu.

Turudi kwenye fedha, maana wazazi wenye biashara watataka kujua mtaji ulitoka wapi. Mwaka 1992 seneta wa hapahapa Iowa, Chuck Grassley, aliandika kipengele cha sheria ya taifa kilichompunguzia kodi mwenye mtambo wa upepo kwa kila uniti ya umeme aliyozalisha. Ni mwanasiasa wa chama cha Republican, na Iowa nishati hii haikuwa mali ya chama kimoja. Gavana Chet Culver wa Democratic alianzisha mwaka 2007 mfuko wa dola milioni 100, uitwao Iowa Power Fund, wa kusaidia utafiti na miradi ya nishati. Kampuni ya MidAmerican ikaingia kwa nguvu tangu 2004, na mwaka 2016 ikatangaza mradi mmoja wa dola bilioni 3.6. Leo zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Iowa unatokana na upepo, na mitambo ina uwezo wa kupita megawati 12,000. Google walikuja kujenga vituo vya kompyuta Council Bluffs, Facebook wakaja Altoona, dakika chache tu kutoka hapa tulipokaa. Kompyuta zile hula umeme usiku na mchana, na umeme wa upepo ulikuwa sehemu ya kilichowavuta.

Kuna sehemu moja ya mpango huu watu huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye akili zaidi. Ni kodi ya kaunti. Kaunti inaweza kumwambia mwenye mtambo: mwaka wa kwanza hatutozi kitu. Mwaka wa pili tunahesabu asilimia 5 ya gharama ya mtambo, wa tatu 10, tunapanda hivyohivyo mpaka mwaka wa saba tunafika 30, hapo tunasimama. Mwekezaji anapumua mwanzoni, wakati deni lake bado bichi. Kaunti inasubiri, na ikishaanza kupokea inaendelea kupokea mwaka hadi mwaka, fedha za barabara za changarawe, za madaraja, za shule za vijiji ambavyo watu wake wamepungua. Mkulima naye analipwa maelfu ya dola kwa mwaka kwa kila mtambo uliosimama kwake, na mtambo pamoja na njia yake hauli ekari nzima. Analima mahindi mpaka karibu kabisa na mlango wa mnara. Mvua ikikataa, hundi ya upepo haikatai.

Je, kila kitu kilikwenda sawa? Newton itatujibu. Mnaufahamu mji huo, mkielekea Iowa City mnaupita. Tangu 1893 uliishi kwa kampuni ya Maytag, mashine za kufulia. Baba alifanya kazi Maytag, mwana akafanya, mjukuu akafanya. Mwaka 2006 Maytag ikauzwa kwa Whirlpool, na Oktoba 2007 kiwanda kikafungwa. Mji ulipigwa na butwaa. Mwaka uliofuata ikaja kampuni ya kutengeneza mapanga ya mitambo ya upepo, na nyingine ikaanza kutengeneza minara ndani ya jengo lilelile la Maytag. Tarehe 22 Aprili 2009 Rais Obama, huyu ambaye baba yake ni wa Kogelo kule Siaya, alisimama ndani ya kiwanda hicho cha minara akazungumza juu ya nishati. Watu wa Newton walipata tena mahali pa kwenda asubuhi. Lakini mwishoni mwa 2021 kiwanda cha mapanga nacho kilifunga milango, na mamia ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokwishafungiwa na Maytag. Nimekaa na mmoja wao kazini. Aliniambia kilichomwokoa ni cheti cha umeme wa viwandani alichokisomea jioni, miaka ile ya katikati. Jengo lilifungwa, cheti kilibaki mfukoni mwake.

Ndiyo maana sasa naingia kwenye shule, na hapa sitapita haraka.

Watoto wangu, nani kati yenu amesikia jina la Susan Clark? Mnyooshe mikono. Naona walimu tu. Susan alikuwa binti mweusi wa mji wa Muscatine, kando ya Mississippi. Shule ya karibu ilimkataa kwa rangi yake. Baba yake, Alexander Clark, hakukubali. Aliipeleka bodi ya shule mahakamani, na mwaka 1868 Mahakama Kuu ya Iowa ikaamua kwamba mtoto huyo hawezi kuzuiwa shule ya wote. Marekani nzima ilikuja kufika hapo mwaka 1954, miaka 86 baadaye. Sisi tunaofika leo na watoto wetu weusi, tunawaandikisha shule bila kupigana, tuna deni kwa mzee Clark.

Miaka michache kabla ya kesi hiyo ya Clark, 1862, bunge la taifa lilitoa ardhi kwa majimbo yatakayojenga vyuo vya kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kawaida. Iowa ilikuwa ya kwanza kukubali masharti hayo, na chuo kikawa kile cha Ames. Mwaka 1891 akapokelewa pale kijana aliyezaliwa utumwani Missouri, George Washington Carver. Chuo kimoja cha Kansas kilikuwa kimempokea kwa barua na kumkataa walipomwona uso. Ames alisoma, akawa mwanafunzi wake wa kwanza mweusi, kisha mwalimu wake wa kwanza mweusi. Siku zake za Ames alikuwa akitembea mashambani na mtoto mdogo wa profesa mwenzake, anamwonyesha mimea, anamfundisha kutazama ua kwa makini. Mtoto yule aliitwa Henry Wallace. Alipokua, mwaka 1926, alianzisha kampuni ya mbegu chotara za mahindi hapa karibu na Des Moines, na baadaye akawa waziri wa kilimo na makamu wa rais wa Marekani. Yale magunia 50 kwa ekari niliyomtajia baba yangu yana mizizi humo: mtu aliyezaliwa mtumwa, akasoma, akamshika mkono mtoto wa mwenzake akampeleka bustanini.

Mwaka 1965 jimbo likatunga sheria ya vyuo vya jamii, na sasa viko 15. Hivi ndivyo nilivyokuja kuvizungumzia. Mnavyo jirani: DMACC hapa Ankeny, Hawkeye kwa ndugu zetu wa Waterloo, Kirkwood Cedar Rapids, Indian Hills Ottumwa. Na kuna kimoja kule Estherville, Iowa Lakes, kilichoanza mwaka 2004 kufundisha mafundi wa mitambo ya upepo, cha kwanza jimboni kufanya hivyo. Chuo kina mtambo wake wenyewe, wa megawati 1.65. Ndipo niliposoma mimi.

Nilifika Iowa majira ya baridi, 2010, na koti nililopewa uwanja wa ndege. Wiki ya tatu nilikuwa kiwanda cha nyama. Sitakitaja jina. Nashukuru kilinipa mshahara wa kwanza wa maisha yangu, na fedha zake zilimsomesha mdogo wangu. Chumba ni baridi kama friji. Umevaa glavu ya waya mkono mmoja, kisu mwingine, na mabega ya nguruwe yanakujia kwenye mkanda, moja, jingine, jingine. Unakata mkato uleule, mahali palepale, mpaka kengele. Baada ya mwaka wa pili vidole vyangu vilikuwa vinalala vimekunjwa na haviamki. Asubuhi mke wangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. Nilipokwenda kwa nesi wa kiwanda nilipewa barafu, nikarudishwa kwenye laini.

Wazazi wenzangu, najua humu ndani ni wangapi wana mikono kama ile. Nawaheshimu. Mikono hiyo ndiyo imelipa kodi ya nyumba, ndiyo imetuma fedha Uvira, Bujumbura na Kigoma. Sisemi neno hata moja la kuidharau. Ninachosema ni kwamba tusimkabidhi mtoto wa miaka 18 kisu kilekile kwa sababu tu saa moja pale inalipa vizuri leo. Na kisu chenyewe hakina ahadi. Mwaka 2024 kiwanda cha Tyson cha Perry, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa, kilifungwa, na wafanyakazi kama 1,300 walipoteza kazi kwa mkupuo mmoja.

Mimi nilianza na darasa la Kiingereza, saa moja jioni hadi saa tatu, nikitoka shifti nanuka damu. Mwalimu alikuwa mama wa Kizungu mstaafu, hakuwahi hata siku moja kuvuta pumzi vibaya nilipokaa mbele yake. Kisha mtihani wa kidato cha mwisho, niliufeli hesabu mara mbili. Kisha Estherville, saa tatu za barabara kutoka kwa mke na watoto, miezi na miezi. Mke wangu aliingia kiwandani ili mimi nitoke. Nalisema hadharani, na yupo hapa ananisikia.

Siku ya kwanza kupanda ule mtambo wa chuo nilivaa mikanda mwilini, nikafunga ndoano kwenye waya wa usalama, nikaanza ngazi. Ndani ya mnara ni giza, na unasikia upepo nje kama mtu anapuliza chupa. Mita 80. Katikati mapaja yalitetemeka nikasimama, mwenzangu aliyenitangulia akanimulikia tochi bila kusema kitu. Tulipofika juu, tukafungua mlango wa paa. Nikaiona Iowa yote imelala chini, mraba mraba, na barabara zimepigwa rula. Niliona vivuli vya mapanga vinatembea juu ya soya. Mikono yangu, ile iliyokuwa haifungi shati, ilikuwa imeshika spana.

Mitambo mingi ya upepo huzalisha umeme wa volti 690. Transfoma inaupandisha hadi 34,500, unapita ardhini chini ya mahindi, unakwenda kituoni. Upepo ukizidi sana mtambo unajisimamisha wenyewe. Hayo yote yanafundishika, na nimewaona watoto wa Kikongo, wa Kirundi na wa Kisomali wakiyafahamu haraka kuliko nilivyoyafahamu mimi.

Kuhusu ada, tangu 2019 jimbo lina msaada unaoitwa Last-Dollar. Serikali inalipa sehemu ya ada ya chuo cha jamii inayobaki baada ya misaada mingine, kwa masomo ya kazi zinazohitaji watu. Orodha ya masomo hubadilika, kwa hiyo mwone mshauri wa chuo, na mjaze mapema fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Dada yetu wa meza ya mlangoni atawasaidia kuijaza leo leo, kwa Kiswahili.

Nisiwafiche pia yanayouma. Utajiri wa upepo unaanza kwa mwenye ardhi, na ardhi hapa ni zaidi ya dola 11,000 kwa ekari. Karibu theluthi mbili yake iko mikononi mwa watu wa miaka 65 na kuendelea. Sisi hatutainunua kesho. Mama zetu wa Kirundi wanaolima lengalenga na bamia kwenye viwanja vya Global Greens, mradi wa kilimo wa wakimbizi, wanajua thamani ya kipande kidogo cha udongo ambacho ni cha kukodi. Na maji ya jimbo hili yanaumwa. Mbolea ya mahindi yale yale ninayoyasifu inatiririka mitoni. Juni 2025 hapa Des Moines tulikatazwa kumwagilia majani ya uani kwa sababu naitreti, kemikali itokayo kwenye mbolea, zilikuwa nyingi mno kwenye mito ya Raccoon na Des Moines kuliko mitambo ya maji iwezavyo kuchuja. Jimbo lililoweza kungoja upepo miaka kumi na tano bado halijapata ujasiri huo kwa maji. Natamani mmoja wenu, aliye na kichwa cha kemia, alichukue hilo liwe kazi ya maisha yake.

Na jambo jingine dogo. Uamuzi wa wapi mtambo usimame, na kodi yake ijenge nini, unafanywa kwenye kikao cha halmashauri ya kaunti. Vikao hivyo viko wazi kwa umma. Nimehudhuria vitatu. Vyote vitatu nilikuwa mweusi peke yangu chumbani, na vyote vitatu walinipa kipaza sauti nilipoomba.

Mwaka 1975, wakati majimbo mengine yanasita, gavana wa hapa, Robert Ray, aliwapokea wakimbizi wa Tai Dam, watu wa kabila moja waliokimbia Laos. Watoto wao leo ni madaktari, polisi na walimu wa mji huu. Walikaa kwenye viti vya plastiki kama hivi mlivyokalia.

Basi, mwenyekiti ananionyesha saa. Jumamosi ya wiki ijayo nakwenda Estherville. Nimezungumza na mwalimu wangu, atatufungulia mlango wa mnara. Kupanda hamtaruhusiwa, lakini mtaingia ndani, mtasikia ile sauti, na mtashika spana. Gari langu lina nafasi saba, na mzee wa kanisa ameniahidi basi dogo tukizidi. Tunaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi kutoka maegesho haya haya. Vaeni viatu vya kamba, si ndala, na wasichana wafunge nywele. Mama, wewe uliyeniuliza lile swali mwaka jana, nimekuwekea kiti cha mbele.